Yowe la Wegesa

Wegesa wa Turwa anauza viazi vitamu sokoni Tarime. Mteja akibonyezabonyeza kiazi bila kununua, anaambiwa akabonyeze vya kwao. Haogopi mtu. Lakini miaka yote niliyokaa naye meza jirani, ukimtajia msitu wa kwao ananyamaza.

Ni msitu wa ukoo, milimani huko mbele ya Nyambureti. Mivule na mikuyu yake hakuna aliye hai anayejua ilianza lini, na haukatwi hata mti mmoja, kwa sababu wazee hutambikia humo. Mdogo wake, Joel, anaishi ukingoni mwa msitu huo. Basi watu wa mnadani wakamletea Wegesa habari kwamba Joel amewaingiza wachoma mkaa. Wegesa hakuuliza mara mbili. Akaacha kwenda, akaacha kupokea simu. Hata mtoto wa Joel alipooa, hakukanyaga.

Mwaka huu nikachoka. Nikamwambia, "Mama Gati, unamnunia ndugu yako kwa maneno ya watu wa mnadani, ambao hata umri wa ng'ombe wanadanganya. Twende tukaone."

"Na nikikuta visiki?"

"Ukikuta visiki utamnunia vizuri, una ushahidi."

Tulitoka alfajiri kwa basi, tukapita Kewanja kwenye vifusi vya mgodi, tukashuka Mugumu na kuchukua bodaboda. Njiani Wegesa aliniuliza kama ule juu ya kilima ni moshi. Nikamwambia ni wingu, atulie. Na kweli lilikuwa wingu.

Njia ya pikipiki ilipoisha tukatembea. Tulipokizunguka kichaka cha mwisho, cha kwanza kuona ni mvule umelala chini, gogo refu kuliko nyumba yangu, na jua linawaka pale ulipokuwa umesimama.

Wegesa akapiga yowe.

Sasa, Mkurya hapigi yowe hovyo. Yowe kwetu maana yake ng'ombe wameibwa, kila mwanaume atoke. Basi wakatoka. Walikuja mbio na pinde, marungu, majembe, mmoja na kiatu kimoja.

"Ng'ombe wa nani? Wameelekea wapi?"

Wa mbele kabisa alikuwa Joel, anahema. Alipomwona, akashusha upinde.

"Dada! Nani kakuibia?"

"Wewe!" Akamwonyesha gogo. "Umeuza miti ya baba!"

Joel akamshika mkono, akamvuta mpaka kwenye shina. "Tazama. Mizizi iko juu. Msumeno gani unang'oa mizizi? Ni upepo wa masika. Na umelala hivyohivyo, hakuna aliyechukua hata tawi la kuni. Wachoma mkaa walikuja kweli. Tuliwafukuza kwa pinde hizihizi."

Wegesa akaingia msituni, mimi na Joel nyuma yake. Ndani kulikuwa na ubaridi kama wa mtungini. Mikuyu imesimama, mingine sisi watatu tukishikana mikono hatuizunguki, na mivule imekwenda juu mpaka shingo inauma. Akawa anaigusa mmoja baada ya mwingine, anaipigapiga kama mtu anayewapokea watoto wake kutoka safari. Mwishowe akaketi juu ya mzizi, akashusha pumzi, na mabega yake yakashuka nayo.

"Ipo," akasema. "Jamani, ipo."

Tulipotoka, wanaume walikuwa bado wamesimama wamenuna. Tukamwamkia mzee wao, Mniko, shikamoo.

"Marahaba, binti. Tumeacha kazi shambani. Yowe la bure hulipiwa mbuzi, unajua?"

"Najua, baba," akasema Wegesa.

"Mbuzi natoa mimi," Joel akadakia. "Huyu ni dada yangu."

"Awe mnono," akasema yule wa kiatu kimoja. "Nimekimbia sana."

Wegesa akacheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga. "Chinja, Joel. Ila ini mniachie mimi. Ninyi mmekimbia tu, aliyepiga kelele ni mimi."