Mto Ambao Hatukuuvuka

Mwaka 1965, nikiwa na miaka saba, askari wa Mreno walimchukua baba yangu shambani, jembe likabaki limesimama kwenye tuta. Ndipo dhiki ilipoanza. Shule niliisoma ukubwani, jioni, baada ya kuuza mikate, tena kidogo tu. Anayetaka kucheka na acheke. Herufi nazijua zote, na haya nayaandika kwa mkono wangu.

Mama alitukusanya mimi na wadogo zangu, akatuficha mahali. Mahali penyewe sipaandiki. Tulikula ming'oko, mizizi ya porini, na mama alituziba midomo tusikohoe. Mwaka 2021, vita hivi vya sasa vilipoingia kwetu Palma, miguu yangu ilinipeleka palepale, mjukuu wangu wa kike mgongoni. Pakatuficha tena. Mama na wadogo zangu wameshatangulia, kwa hiyo tuliobaki tunaopajua ni mimi na huyo mtoto.

Tuliporudi, mwalimu wa shule alinifuata kwenye tanuri langu. Kijana wa bara, Mmakonde, mpole. Alisema sikukuu ya uhuru inakaribia. Watoto tarehe wanaijua na wimbo wanaujua, lakini vita vya zamani wanadhani ni hadithi ya sungura, na hivi vya sasa hakuna anayethubutu kuwaeleza. Alitaka mtu aliyeviona vyote viwili asimame mbele yao.

Nilikataa. Nikamwambia sherehe ina watu wa kila namna, na siku hizi humjui anayesikiliza anamsikilizia nani. Pikipiki ikipita tu nyuma ya nyumba, naacha mikate na kuchungulia ni nani. Akaniuliza polepole, "Bibi, ukifa wewe, hawa watajua pa kukimbilia?"

Neno hilo lilinikera kwa sababu lilikuwa la kweli. Nikaenda.

Siku yenyewe uwanja wa shule ulijaa. Wakubwa wa posto, ofisi ya serikali ya hapa, kwenye viti, askari nyuma yao, akina mama wamejifunga vitenge vyao vipya, kapulana, na wanaume nisiowajua wameegemea ukuta. Kipaza sauti nilikishika kwa mikono yote miwili. Nilieleza habari ya baba na jembe lake. Kisha mwalimu akauliza tulikimbilia wapi, nami nikatoa jibu nililolipika nyumbani: tulipita kijiji cha Nhica, tukavuka mto Rovuma, tukakaa ng'ambo. Wengi walivuka hivyo, basi uongo wangu ulikuwa na ndugu wengi.

Mjukuu wangu akasimama. "Bibi, mto hatukuvuka. Uliniambia mama yako alikuficha palepale uliponificha mimi."

Uwanja mzima ukamgeukia. Mdomo wake ulikuwa bado wazi, na neno lililokuwa likifuata ni jina la mahali. Pakitajwa mbele ya watu wale, pamekwisha, na siku ya kukimbia tutakuta tunangojewa.

Kwetu bibi na mjukuu wa kike ni wake wenza, mume wao ni babu, hata kama hayupo. Kutaniana ni haki yao, na mjukuu asiyembishia bibi yake huulizwa kama anaumwa. Niliushika utani huo kama mtu anayezama ashikavyo jani.

"Mnamsikia mke mwenzangu?" nikasema kwenye kipaza sauti. "Mume ameshaninyang'anya, sasa anataka na safari zangu. Kaa chini, mwizi wewe."

Watu wakaangua kicheko, wakubwa wa posto nao. Mtoto akaona haya, akacheka, akajibu kama desturi inavyotaka: "Mchukue mume wako, kibogoyo yule." Akakaa. Jina halikutoka.

Walicheka wote isipokuwa mwanamume mmoja pale ukutani, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi.

Kesho yake asubuhi alikuja kununua mkate. Aliichagua mikate taratibu, akaigeuza mmoja mmoja. "Mjukuu wako anakumbuka mambo," akasema.

"Anakumbuka utani," nikamjibu.

Akachukua mkate, akaondoka. Mpaka leo sijui alikuwa wa upande gani, au kama alikuwa mtu tu mwenye njaa. Kila nikisikia hodi naiona ile kofia.

Mtoto nilimketisha. Nikamwambia habari za bendera husemwa uwanjani, habari za pa kujificha hufundishwa kwa miguu. Mwalimu naye alikuja, akakaa karibu na tanuri, akasema uwanjani hataniuliza tena, nikajua ameelewa. Sasa watoto wa darasa lake wanakuja kwangu wachache wachache, kwa visingizio ambavyo navyo siviandiki. Tunatembea. Tukifika nawaonyesha mama yangu alikaa wapi, na mng'oko unachimbwaje. Nawaziba midomo kidogo, wajue ilivyokuwa. Wengine hulia. Kila safari naogopa, maana mdomo wa mtoto mmoja unatosha kutumaliza. Lakini naogopa zaidi wakikimbia bila kujua waendako.

Nilivyo navyo leo: nyumba ya miti na udongo, bati juu, niliyoijenga bila mume. Tanuri la mikate. Mbuzi jike na mwanawe. Jembe la baba, mpini umebadilishwa. Mjukuu. Na mfuko nyuma ya mlango, umefungwa tayari: chumvi, kiberiti, kisu, kapulana mbili.