Mkono Nilioutoa Mapema

Ramadhani nzima, fundi mwenzangu wa garaji, Mkristo wa mtaa wa Kanyosha, hakula mchana mbele yangu. Sikumwomba. Alisema tu kwamba chakula hakimshuki kooni huku mimi nimefunga. Jioni moja nikamwalika kwetu kufuturu.

Mama alituwekea sinia moja ya wali na mukeke, samaki wa ziwa letu. Mgeni akanawa, akala kwa mkono wa kuume, upande wake tu, kama alivyotuona. Samaki wa upande wake alimwacha amle mwisho. Mimi, mpumbavu, nilikuwa nimejijaza maji na uji. Nikashiba upesi, nikasema "Alhamdulillahi" kwa sauti na kutoa mkono kwenye sinia. Naye akatoa wake papo hapo.

"Endelea kula, ndugu yangu."

"Apana, nimeshiba," akajibu, tayari anatafuta maji ya kunawa.

Alipoondoka, mama hakupandisha sauti. "Mwenye nyumba anatoa mukono nyuma ya mugeni, mugeni akisha kushiba. Mi sikukufundisha?"

Alinifundisha. Upande wa mgeni, samaki alikuwa mzima, hajaguswa.

Kesho yake mchana, garajini, kama siku zote, hakula mbele yangu.