Kubwa Kuliko ya Wifi

Nijicheke mwenyewe kwanza, ninyi mtafuata.

Wifi yangu, dada wa mume wangu, alinunua mashine ya kusagia vyakula. Mama mkwe alipokuja kutoka Sepuka, akala mlenda wa karanga kwake na kuusifu hadi roho ikaniuma. Mimi nimempikia miaka yote, hata "chumvi imekolea" sijawahi kuambiwa!

Nikaenda Singida mjini. Muuzaji akauliza, "Dada, unataka ya kusaga au ya kukata?"

"Nataka kubwa kuliko ya wifi yangu."

Akanipa kubwa kweli. Nyumbani nikaitia karanga, ikazizungusha na kuzitoa nzima kama zilivyoingia. Kumbe ni ya kukata kabichi na karoti! Nami nilishawaalika wifi na mama mkwe waje Jumapili waione kazi yake.

Jumapili alfajiri nikatwanga karanga kwenye kinu cha jirani hadi viganja vikatoka malengelenge. Wageni walipofika, nikamwamkia mama mkwe shikamoo, nikaingia jikoni, nikarudishia mlango na kuwasha mashine tupu. Ikanguruma, sufuria zikatetemeka.

"Hiyo sasa ndiyo mashine!" mama mkwe akasema sebuleni.

Nikajiona nimefika. Nikaiacha ingurume zaidi, ili wifi asikie vizuri.

Akasikia vizuri. Akasukuma mlango, akatazama bakuli tupu la mashine, akatazama viganja vyangu, kisha akapaza sauti:

"Mama, njoo uone! Mashine ya wifi inasaga upepo!"