Hodi Verandani kwa Mkandarasi

Kwa miaka kumi na tisa Bi Kifungu aliwauzia watu ruhusa ya kuua wanyama ambao yeye mwenyewe hakuwahi kuwaona ila kwenye kalenda. Alikuwa karani wa vibali vya kuwinda, dirisha la pili, katika ofisi yenye kabati nne za chuma, feni iliyogeuza shingo upande mmoja tu, na bango lililokataza kutema mate. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa zuri, ila halikuwa na kazi. Watu walimwita Bi Kifungu kwa sababu hata ukimuuliza saa ngapi, lazima akutajie kifungu kwanza.

"Picha hii haifai," alimwambia siku moja mteja mmoja. "Kifungu cha nne. Masikio yote mawili yaonekane."

"Mama, sikio la pili sina. Liliondoka na mbwa."

"Basi lete barua ya daktari kwamba sikio halipo."

Na mtu wa watu akaenda kuitafuta barua. Hongo Bi Kifungu hakula, na upendeleo hakuujua. Aliwatesa wote sawasawa, tajiri na maskini, na kwa hilo walimheshimu huku wakimlaani.

Hakuolewa. Aliishi na mjomba wake, fundi saa mstaafu, mzee wa miaka sabini na moja mwenye vidole visivyotetemeka na mdomo usiotulia. Mjomba alikuwa na bunduki ya marisau ya mitutu miwili, yenye leseni halali, na mapenzi yake makubwa duniani yalikuwa kuwinda kanga. Kila msimu alinunua kibali kwa mpwa wake, akasimama kwenye foleni kama wengine, akaulizwa jina lake na mwanamke aliyekuwa amemtilia chai asubuhi ile ile.

Lakini misimu miwili mfululizo mzee alirudi mikono mitupu. Si kwamba alikosa shabaha. Hakufika.

Mambo yalikuwa hivi. Pori la kuwindia lilikuwa mali ya umma, maana yake lilikuwa la kila mtu, na cha kila mtu hakina mwenyewe wa kukililia. Barabara ya kuingilia ilipita katikati ya shamba moja kubwa, na shamba hilo lilinunuliwa na mkandarasi mmoja aliyetajirika kwa kujenga barabara za serikali, zile zinazoyeyuka mvua ya kwanza ikinyesha. Alipomaliza kujenga nyumba yake, mjenzi wa barabara akafunga barabara. Akaweka geti la chuma, kufuli kubwa kama kichwa cha ng'ombe, na mlinzi wa kusema hapana. Wanasheria wake wakaeleza kwamba hajafunga pori hata kidogo. Amefunga shamba lake tu. Kwa hiyo pori likabaki wazi kwa kila mwananchi mwenye mabawa. Mkandarasi mwenyewe na rafiki zake waliingia walipotaka, kwa mlango wa nyuma, wakaliwinda kama shamba la baba yao.

Bi Kifungu hayo hayakumhusu. Yeye alipiga mhuri.

Ikafika asubuhi moja, wiki chache kabla ya msimu, mjomba akaweka vibali viwili vya zamani mezani, kando ya kikombe chake.

"Hivi, mwanangu, uliniuzia nini hapa?"

"Kibali cha kuwinda kanga kumi."

"Na mimi nikawawinde wapi, chooni?"

"Mjomba, kibali kinasema kuwinda. Hakisemi kufika."

Mzee akacheka kicheko kibaya. "Vizuri. Mwaka huu niuzie kibali cha kwenda mwezini. Nacho usiandike kufika."

Baada ya hapo hakusema naye siku nne. Ukimya wa mtu asiyejua kunyamaza ni adhabu nzito. Alijipikia chai ya kikombe kimoja. Alisoma gazeti kimoyomoyo, yeye ambaye siku zote alilisoma kwa sauti na kumtukana kila aliyetajwa ndani. Siku ya nne Bi Kifungu aliuacha mkate wake mezani, akavisoma upya vile vibali viwili. Miaka kumi na tisa alijivunia kwamba hakumdhulumu mtu, kumbe misimu miwili alikuwa akiwauzia watu mlango uliochorwa ukutani.

Aliposhuka masjala siku hiyo, chumba cha chini kilichonuka panya na karatasi kuukuu, hakuaga mtu. Alitoka huko saa tisa alasiri, kitambaa chake cha kichwa kimegeuka rangi kwa vumbi, na mkononi ana ramani ya mpima ardhi aliyekwisha kufa zamani. Ilionyesha njia ya umma, upana hatua kumi na mbili, kutoka daraja la zamani moja kwa moja hadi porini, wazi tangu macheo hadi machweo, *wala haitazibwa na mtu yeyote*. Hakuna aliyewahi kuifuta njia hiyo. Ilikuwa imesahaulika tu, kama mashangazi wanavyosahaulika kwenye mialiko.

Alichukua rula, akailinganisha ramani na picha ya angani kwenye kompyuta ya ofisi. Njia haikupita getini hata kidogo. Ilikatiza bustani ya maua, ikalamba kona ya gereji, kisha ikapita katikati kabisa ya veranda ya mkandarasi.

Mkuu wa ofisi aliiangalia ramani kama mtu aliyeona kinyesi cha paka kwenye zulia.

"Hii umeitoa wapi?"

"Masjala, mkuu."

"Irudishe."

"Nimesharudisha. Hiyo ni nakala, ina mhuri."

Mkuu akafumba macho. "Bi Kifungu, yule ni mtu mkubwa."

"Njia ina hatua kumi na mbili, mkuu. Hata yeye anaenea."

Ofisi haikufanya lolote, na katika kutofanya lolote ofisi ile ilikuwa na uzoefu wa miaka mingi. Basi Bi Kifungu akaomba likizo. Kisha akafanya jambo lililosimuliwa mjini kwa mwezi mzima: alifunga dirisha lake, akazunguka nje, akapanga foleni nyuma ya kinyozi wa sokoni, kuomba kibali cha kuwinda. Mwenzake wa dirisha la kwanza ndiye aliyelazimika kumhudumia.

"Jina?"

"Hujaniuliza cheti cha shabaha kwanza. Kifungu cha pili."

"Dada, jamani..."

"Niulize."

Cheti hicho nacho hakukipata kwa urahisi. Alikwenda uwanja wa shabaha Jumamosi tatu na kuanguka mtihani mara tatu. Mara ya pili alivunja chupa moja, ila haikuwa yake, ilikuwa ya maji ya mwalimu. Jumamosi ya nne alipita kwa alama moja, na mwalimu akamshukuru Mungu kwa sauti.

Mjomba aliposikia mpango wote alirudisha ulimi wake mara moja. "Verandani? Verandani kwake kabisa? Nipe viatu vyangu."

Siku ya kwanza ya msimu, jua likiwa ndiyo linachomoza, waliondoka daraja la zamani. Bi Kifungu alitangulia na ramani ndani ya mfuko wa nailoni, akihesabu hatua. Mjomba alifuata, bunduki imekunjwa wazi mkononi, haina risasi, kama kanuni inavyotaka mtu akipita kwenye njia ya umma. Wakapenya ua wa miti pale mtunza bustani alipoacha mwanya. Wakapita kati ya maua ya waridi bila kukanyaga hata jani. Wakaipita gereji. Mbele yao ikasimama veranda, vigae vyake vinang'aa, na kwenye kiti cha ukindu ameketi bibi mmoja mwenye nywele nyeupe na kikombe cha chai kilichopoa.

"Hodi!" akaita Bi Kifungu.

"Karibuni!" akajibu bibi kabla hajawaza, na uso wake ukafunguka kama dirisha.

Alikuwa mama mkwe wa mkandarasi. Mwanawe wa kike alimhamishia hapo baada ya bibi huyo kufiwa na mumewe, na tangu siku hiyo hakuna jirani aliyepiga hodi, maana jirani gani atavuka kufuli lile?

"Shikamoo, mama," akasema Bi Kifungu. "Sisi tunapita tu. Hii ni njia ya umma."

"Marahaba, binti yangu. Ipi?"

"Hii uliyoketi."

Bibi akatazama chini ya kiti, upande huu na upande huu. "Basi nilikuwa njiani muda wote huo, na hakuna aliyenipitia! Kaeni mnywe chai."

"Samahani, mama. Sheria inaturuhusu kupita, haituruhusu kuketi."

Mjomba alikuwa ameshaketi.

Ndipo mkandarasi alipotoka, fulana juu, taulo chini, povu la dawa ya meno mdomoni.

"Nyie mnafanya nini nyumbani kwangu?"

"Tunapita," akasema Bi Kifungu.

"Mnapita kwenda wapi?"

"Porini."

"Pori liko kule!"

"Ndiyo maana tunapita."

"Naita polisi sasa hivi!"

"Polisi wana nakala tangu juzi. Walipokea na kusaini, hapa chini. Na hii ni yako." Akampa karatasi. Mkandarasi aliipokea kwa mkono mmoja, maana wa pili ulishika taulo.

"Mwanangu," akasema mama mkwe polepole, "wageni wako kwenye veranda na wewe huna shati. Nenda kavae. Halafu waambie jikoni walete vikombe."

Mbele ya watu mkandarasi aliweza kumtukana karani, aliweza kumtukana hata waziri. Mama mkwe hatukanwi. Akaingia ndani, na povu likamdondokea kidevuni.

Porini Bi Kifungu alimwona kanga kwa mara ya kwanza maishani. Walikuwa kama ishirini, wanatembea kwa maringo kama maharusi walioalikwa wote siku moja. Alipokea bunduki ya mjomba, akafyatua. Bunduki ikampiga bega, akaketi chini bila kupenda, na kanga wakaruka bila hata kuharakisha. Mjomba alipata wawili, na akacheka hadi akashika mti.

Askari wa wanyamapori aliyewakagua alipomtambua, alisimama wima kama kwamba ndiye anayekaguliwa. Kibali kilikuwa sawa, picha ilikuwa na masikio yote, mhuri ulikuwepo. Sahihi ya mwenye kibali haikuwepo. Katika kuwasimamia wengine Bi Kifungu alikuwa amesahau kusaini.

"Tuyaache, Bi Kifungu," askari akanong'ona.

"Kifungu cha kumi na moja hakina neno 'tuyaache'. Kinasema kibali kinasimamishwa siku saba. Andika."

Akaandika, jasho likimtoka, na yeye akamsahihisha tarehe.

Kinyozi ndiye aliyeeneza habari. Mtu aliyeketi chini ya wembe hana pa kukimbilia, basi kila kichwa kilichonyolewa wiki ile kilitoka na habari za veranda. Jumamosi iliyofuata walipita wawindaji ishirini na watatu, mmoja mmoja, bunduki wazi, kila mmoja na hodi yake na shikamoo yake. Jumamosi ya pili walikuwa arobaini. Bibi aliwajua wote kwa jina, akajua mke wa nani anaumwa mgongo na mtoto wa nani kafeli. Akahamisha kiti chake asizibe njia. Mkandarasi alihamia kunywa chai stoo, kati ya mifuko ya mbolea. Mwanasheria wake alikuja, akaisoma ramani mara mbili, akaomba maji, akaondoka.

Wiki ya nne kufuli likafunguliwa. Makubaliano yaliandikwa ofisini: wawindaji watatumia barabara ya getini wakati wote wa msimu, na kwa hisani yao wataiacha veranda. Mkandarasi alisaini kwa kalamu ya Bi Kifungu, naye akamwonyesha mahali. Mama mkwe, aliyekuja kwa gari la mkwewe, alisikiliza kila neno kisha akasema kwamba karatasi hiyo imemfunga mkwe wake, yeye haijamfunga, na Jumamosi chai itakuwepo kama kawaida. Hakuna aliyethubutu kupinga, hata mkuu wa ofisi, ambaye kutwa ile alikuwa akijifanya kwamba wazo lilikuwa lake.

Siku tatu baadaye mkuu huyo huyo alimwandikia Bi Kifungu barua ya onyo kwa kutumia nyaraka za ofisi katika mambo binafsi. Bi Kifungu aliirudisha kwa sababu haikuwa na namba ya kumbukumbu. Ilipokuja tena na namba yake, aliisaini, akaiweka yeye mwenyewe kwenye jalada lake, akaenda kula.

Siku ya mwisho ya msimu yeye na mjomba walirudi porini. Walilala kifudifudi kwenye nyasi kwa saa mbili, sisimizi wakiwapitia kwa utaratibu mzuri kuliko wa ofisi yoyote. Kanga walipotokea, Bi Kifungu alishusha pumzi kama mwalimu wa shabaha alivyomfundisha, akafyatua, na mmoja akabaki chini.

Alimfuata, akapiga magoti, akamwinua. Miaka kumi na tisa alikuwa ameandika neno hilo kwa kalamu, kanga kumi, kanga sita, mistari na mistari. Hakujua kwamba ana joto. Hakujua kwamba madoa yale meupe yamepangwa hivyo, moja moja, mpaka chini ya bawa ambako hakuna atakayeyaona. Machozi yalimtoka, wala hakuyafuta.

Mjomba, ambaye alikuwa na mzaha hata msibani, alivua kofia, akasimama pembeni.

"Sasa tunafanyaje, Mjomba?" akauliza Bi Kifungu mwishowe.

"Sasa unambeba, mwanangu," mzee akasema. "Mimi nimebeba bunduki na miaka sabini na moja."