Nywele za Mfongo

Mwezi uliopita nilipanda Kirua Vunjo kuangalia kaburi la bibi, nikakuta mfongo wetu, ule mfereji ulioleta maji kutoka msituni, umekauka, na bomba la plastiki limelazwa ndani yake. Nilisimama pale nikiona aibu, mwenzangu, na ngoja nikwambie kwa nini.

Zamani mfongo ule ulikuwa na nywele. Nyasi za ukingoni zilining'iniza mizizi myembamba majini, na mawe yaliota nyuzi za kijani zilizolala kuelekea bondeni. Maji yalipenya katikati yake polepole, yakaacha tope na majani makavu, yakatufikia yakiwa safi ya kupikia kiburu, ndizi zetu za maharage. Bibi alikuwa akisema, "Ziache hizo. Ndizo zinazoyashika maji mkono."

Zamu yetu ya maji ilikuwa Jumamosi asubuhi, na kazi ya kuyafungulia yaingie mgombani ilikuwa yangu. Siku moja yalichelewa, nami nilikuwa na mazoezi ya kwaya, na nilikuwa mtoto asiyejua kusubiri. Nikachukua mundu, nikapanda kando ya mfongo nikiunyoa: nyasi, mizizi, hata utelezi wa mawe nikausugua. Maji yakaja mbio mpaka nikapiga vigelegele. Nikaenda zangu kuimba.

Niliporudi, ukingo ulikuwa umebomoka. Maji yalikuwa yameingia kwa jirani yetu, mama mjane, yakazoa magimbi na maharage yake yote.

Mzee wa mfongo, aliyesimamia zamu za maji, akaitisha kikao. Mtu mmoja akasema alimwona jirani pale na mundu, akikata majani ya ng'ombe. Kweli alikata, juujuu tu, kama walivyokata wanawake wote.

"Umejiponza mwenyewe, mama," mzee akamwambia, akamnyima maji msimu mzima. Jirani aliapa mpaka akalia. Mimi nilikuwa nyuma ya bibi, nimeng'ang'ania kanga yake, na neno moja tu lingetosha. Sikulisema.

Safari hii nilimkuta jirani nje kwake, mzee sana, akipukuchua maharage pamoja na mjukuu wake. Nilikuwa nimejiandaa kusema yote.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu! Karibu." Akamgeukia mjukuu. "Huyu mwangalie vizuri. Mwaka ule waliponionea, watu walinikwepa. Huyu peke yake ndiye aliyenibebea ndoo kutoka bondeni, msimu mzima, na wala hakuna aliyemtuma."

Ni kweli, nilibeba. Hakuna aliyenituma ila hofu yangu.

Mfongo umekufa. Bibi hayupo, wala mzee wa mfongo, wala yeyote aliyekaa kwenye kikao kile. Wa kumsafishia jina nimebaki mimi. Akanimiminia maziwa ya mgando kikombe kizima. Nikanywa, nikashukuru, nikaaga.