Ushuhuda Niliotoa Kabla ya Kupona

Nakumbuka siku moja, mwanangu, ingawa Atieno mke wangu atakwambia sikumbuki chochote, narudia tu anayonisimulia. Tukianza kubishana usitusikilize. Ilikuwa Jumapili, nami nilikuwa kijana mwenye mabega, fundi wa mawe, mpangaji wa Silanga huku Kibera.

Miezi michache kabla ya hapo nilikuwa kwenye mjengo Kawangware, katika ploti ya landilodi mmoja mwenye vyumba hadi kule Riruta. Jiwe likateleza kutoka ghorofa ya juu, likanipata kichwani. Kofia za kazi hatukupewa. Landilodi alisema zinatufanya wavivu. Nilizinduka hospitalini na bandeji kubwa, na kila aliyekuja kuniona alisema nina bahati. Baadaye kidonda kikafunga, nywele zikaota, nikawa mtanashati kama zamani.

Ndani mambo yalikuwa mengine, lakini mimi ningejuaje? Kichwa cha kunijulisha ndicho kilichoumia. Kazi ilinishinda, kwa sababu nikipanda ngazi dunia ilizunguka. Ndipo Atieno akanipeleka kwa wakili, binti mmoja mpole mwenye ofisi ndogo ya msaada wa kisheria pale Sarang'ombe. Tulitaka landilodi alipie matibabu na atulishe mpaka niweze kushika mwiko wa ujenzi tena. Wakili akanionya, "Baba, hii maneno usiongee na landilodi. Akikutafuta, mwambie akuje kwangu." Nikaitikia kwa heshima zote, nikasahau kabla hatujafika mlangoni.

Landilodi akanitafuta kweli. Alikuja na gari lake, akaninunulia soda, akanialika kanisani kwake Kawangware Jumapili hiyo nikamshukuru Mungu. Mimi ni mtu wa kukataa soda? Huko nikaitwa mbele, nikapewa maikrofoni. Sasa niambie, mwanangu, ni nani umewahi kumsikia akisimama mbele ya kanisa na kusema Bwana amemponya kiasi? Ushuhuda wa nusu haupo. Nikawaambia nimepona kabisa, na kichwa kinafanya kazi kuliko mwanzo. Akina mama wakapiga vigelegele, nami nikarukaruka kidogo ili waone. Landilodi aliitikia kwa sauti kumshinda pasta.

Siku tulipoitwa kuketi na wakili wake, landilodi alikuja na waumini kadhaa kama mashahidi. "Si ulisimama kwa kanisa yetu ukasema umepona?" akaniuliza.

Nikamwambia sijawahi kuingia kanisani kwake. Mashahidi wakaangua kicheko, wakili wangu akashika tama. Wakili wa landilodi hakuhangaika, akanitabasamia tu. "Boss, kwani uko aje?"

"Niko fiti, tunashukuru Mungu," nikajibu, maana hivyo ndivyo mtu aliyelelewa vizuri anavyojibu akijuliwa hali.

Kesi ilikuwa imekwisha, na mimi ndiye niliyeimaliza. Yule binti akafikiri kidogo, kisha akamgeukia mke wangu. "Mama, wewe ndio unaishi na yeye. Waambie."

Atieno alijivuta mbele kwenye kiti. Miezi yote hiyo alikuwa akinisitiri, akiwaambia majirani nimechoka tu, kwa sababu aliona haya kuanika mambo ya nyumba yake. Hatimaye akaanza, macho chini. "Anatia chumvi kwa chai, anakunywa, anasema iko sawa. Nikimtuma makaa hapa tu nje, napigiwa simu ati yuko Riruta. Asubuhi ananisalimia, anaenda choo, akirudi ananisalimia tena kama mgeni." Watu wakacheka. Nami nikacheka, nikidhani anamsema mtu mwingine.

"Na anakuwanga akiniuliza mbona mamake hapigi simu," akaendelea. "Mamake tulimzika kabla aumie. Yeye mwenyewe ndio alichimba kaburi na ndugu zake. Nikimwambia, analia kama ndio anasikia mara ya kwanza. Siku hizi naogopa. Namwambia tu simu ya mama imeisha chaji."

Hakuna aliyecheka tena. Nilimtazama mke wangu nikamuuliza, "Mama alikufa?"

Landilodi akavua kofia yake, akaiweka magotini, na habari za kanisa hakuzitaja tena. Mchana huohuo alikubali kulipia kliniki na kutulisha. Kwa msaada wa madaktari nilirudi taratibu, ila mama nilimlilia upya, na safari hii sikusahau. Iliniuma sana, mwanangu.

Basi nakuusia hivi. Mtu akigongwa kichwa, usimpime kwa nywele zilizoota. Mpeleke kwa daktari, na mkimtafuta wakili msikawie. Ikiwa ni wewe uliyeumia, usiende kwa wakili peke yako. Nenda na mtu mnayeishi naye nyumba moja, aseme yale usiyoyajua kuhusu nafsi yako. Na ukiwa wewe ndiye msindikizaji, majirani wafiche ukitaka, lakini wakili mwambie yote, hata yanayokutia aibu. Mungu mshukuru kila Jumapili kwa uhai, ila habari ya kupona mwache daktari aitangaze kwanza.

Mungu akulinde, mwanangu. Akupe miaka mingi na akili timamu ya kuifurahia, na siku utakaposhindwa kujieleza, akuweke karibu na mtu anayekupenda kiasi cha kukusemea ukweli mbele ya watu.