Mkebe Mwekundu Uliotoka Kabambare

Saa tatu na dakika kumi asubuhi mke wa mdogo wangu aliniita kwenye meza yake sokoni Kasongo. Mbele yake kulikuwa na mkebe mwekundu uliojaa vidonge vyekundu, vinavyong'aa. Alikuwa ameanza kuvipanga mafungu-mafungu kando ya bombo, peremende zake za kawaida.

"Shemeji, weye unajua Kihispania, na hii wanasema inatoka Hispania. Niambie bombo hii inaitwaje, niipangie bei."

Kihispania nilijifunza peke yangu, kwa kamusi iliyoachwa parokiani. Niliugeuza mkebe. Maandishi yalikuwa yamekwanguliwa kwa kisu. Lilibaki neno *pastillas* tu. Neno hilo Wahispania hulitumia kwa dawa, na pia kwa peremende za kumung'unya. Kilichonisumbua zaidi ni kile kisu. Nani hufuta jina la kitu kizuri anachokiuza?

"Umenunua kwa nani?"

"Mutu wa pikipiki, anatoka Kabambare. Nimelamba mwenyewe. Iko tamu. Kinini gani iko tamu?"

Kwetu kinini ni kidonge chochote cha dawa, na maabara yake ndiyo hiyo: ulimi. Kidonge kichungu ni dawa, kitamu ni cha watoto. Mama yangu alipima hivyo, na mimi pia.

Niliazima wembe kwa kinyozi jirani, nikakata kimoja. Wekundu ulikuwa ganda la sukari, jembamba kama la kunde. Ndani kilikuwa cha kijivu. Nilikigusa kwa ulimi: ladha ya panga lenye kutu.

"Usiuze kwanza," nilisema.

Alinitazama kwa jicho la pembeni. "Jana nimekunyima sukari ya mkopo. Leo bombo yangu imekuwa sumu?"

Muuguzi wa zahanati alikuwa amekwenda Nyangwe kwa chanjo. Nikamkumbuka sista Mhispania aliyewahi kuhudumu katika zahanati yetu; namba yake ninayo. Nilipiga kwa simu picha ya kile nilichokata, nikaandika *caramelos*, nikafuta. Ukimuuliza mtu kuhusu peremende, atakujibu kuhusu peremende. *Pastillas* nalo nikalifuta, maana lilikuwa na milango miwili. Mwishowe niliandika *comprimidos*, yaani vidonge vya dawa, nikauliza ni vya ugonjwa gani.

Shemeji alisimama begani kwangu. "Unaandika nini? Unamutafuta munuzi wako?"

"Ninauliza kama inaua."

Mapumziko ya asubuhi shuleni yalikuwa karibu, na watoto hupita mezani kwake kwanza.

Jibu la sista lilikuja: inaonekana ni madini ya chuma, dawa ya damu ya wajawazito, mtoto akimeza vingi anaweza kufa, visiuzwe, vipelekwe zahanati. Nilimsomea neno kwa neno, kisha nikamsomea tena, maana aliniomba nirudie palepale penye mtoto.

"Na sauti yake ilikuwa nzuri, yule mutu," alisema. "Aliniita mama."

Wanafunzi wa kwanza walikuwa wameshafika. Mmoja alinyoosha kidole kwenye mafungu mekundu.

"Hii bei gani, mama?"

Shemeji aliyakusanya yote kwa viganja viwili, akayarudisha mkebeni, akakalia kifuniko. "Hii si ya kuuza. Chukua ya kijani."

Mtu wa pikipiki hatukumwona tena. Mkebe ulikwenda zahanati. Shemeji alipoteza faranga elfu thelathini.